Mgonjwa Naye Aulize: Utafiti wa Saratani ya Matiti

(Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa.)

Natumaini madaftari yamefunguliwa na watoto wametulizwa. Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa: UTAFITI, RIDHAA, SHAHIDI. Tutayatumia yote kabla ya somo kwisha.

Leo tutazungumza juu ya saratani ya matiti, ugonjwa ambao wengi wetu twauita kansa ya titi. Sisemi kama mganga, maana mimi si mganga. Nasema kama afisa wa elimu. Nataka tujifunze jinsi elimu ya ugonjwa huu inavyopatikana, nani huitafuta, kwa mwili wa nani, na kwa nini mama mgonjwa anayo haki ya kuuliza na kujibiwa. Akina baba, msitoke nje mkidhani haya ni mambo ya akina mama peke yao. Mkeo akiugua, nauli ya kwenda Mbeya hutoka katika gunia lile lile la mpunga.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe kwa maneno machache. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno, hazionekani kwa macho. Chembe huzaliwa, hufanya kazi yake, hufa, na nyingine hushika mahali pake. Katika saratani, chembe fulani huacha kufuata utaratibu huo. Huzaana ovyo, hufanya uvimbe, na baadaye husafiri mpaka kwenye mifupa, mapafu au ini. Uvimbe huo mara nyingi hauumi mwanzoni, na hapo ndipo watu hudanganyika, maana jambo lisilouma huahirishwa mpaka mavuno yapite. Dalili nyingine ni ngozi ya titi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani, au kutoka damu. Si kila uvimbe ni saratani. Ulio mwingi si saratani. Lakini kila uvimbe yafaa uonwe na mganga wa zahanati au hospitali. Wala ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula chungu kimoja na mgonjwa.

Sasa andikeni namba. Hapa Tanzania saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake, baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Kwa mwaka 2018 wataalamu walikadiria ya kuwa wanawake 3,037 waliupata ugonjwa huu nchini, na wanawake 1,303 walifariki kwa ajili yake. Tena ripoti ya mwaka 2017 juu ya huduma za matiti katika nchi yetu ilionyesha ya kuwa kati ya wanawake 10 wanaogunduliwa, kama 8 hufika wakati ugonjwa umekwisha kwenda mbali.

Namba hizi zilipatikanaje? Watu walihesabu, wakauliza, wakapima. Kazi hiyo ndiyo neno la kwanza ubaoni: utafiti.

Mkulima wa mpunga aujua utafiti hata kama hajalisoma neno lenyewe. Akitaka kujua mbegu ipi ni bora, hupanda mbegu mbili katika majaruba mawili yenye udongo mmoja na maji yale yale, kisha hupima mavuno. Akipanda mbegu mpya kwenye udongo mzuri na ya zamani kwenye udongo mbaya, atajidanganya mwenyewe. Waganga nao hufanya hivyo. Hulinganisha dawa mbili kwa makundi mawili ya wagonjwa wanaofanana, na mara nyingi mgonjwa huingia kundi hili au lile kwa kura, ili mganga asichague. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa. Jaruba halina uchungu, wala halina watoto nyumbani, wala haliwezi kusema, “Mimi sikubali.”

Watu wa Kyela wamekwisha kushiriki utafiti mkubwa. Kati ya mwaka 2006 na 2011, watafiti wa kituo cha Mbeya walifanya kazi katika sehemu tisa za mkoa, mojawapo ikiwa hapa Kyela. Watu wapatao 18,000 walishiriki, wakahojiwa na kutoa damu mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2016 majibu ya damu ya Kyela yalichapishwa. Yalionyesha ya kuwa mtu mwenye minyoo ya matende mwilini alikuwa katika hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi karibu mara mbili kuliko asiye nayo. Wataalamu walikuwa wamelidhania jambo hili kwa miaka mingi, na damu ya wakulima na wavuvi wa mwambao huu ndiyo iliyotoa ushahidi. Jambo hilo ni la heshima. Lakini nakuuliza wewe uliyekaa kwenye benchi: je, ulipata kulisikia kabla ya leo? Kama hukulisikia, basi umekwisha kuelewa nusu ya somo letu.

Sasa turudi kwenye titi. Nitawasimulia habari ya mwanamke wa Marekani, kwa sababu mambo mengi ambayo hospitali hufanya leo yalianza kwa wanawake wa namna yake. Jina lake Rose Kushner, mwandishi wa magazeti. Mwaka 1974 aliona uvimbe katika titi lake. Desturi ya wakati ule ilikuwa hivi: mwanamke hulazwa, hupewa nusukaputi, uvimbe hukatwa kipande na kupimwa pale pale, ikionekana ni saratani, mpasuaji huliondoa titi lote na misuli ya kifua chini yake, bila kumwamsha mgonjwa. Mwanamke aliingia chumbani hajui kama anaumwa, akaamka hana titi. Hati aliyotia sahihi ilimpa mpasuaji ruhusa ya yote mawili kwa mara moja.

Bibi Kushner alikataa. Alisema: pimeni kwanza, niamsheni, niambieni, kisha tushauriane. Aliwapigia simu wapasuaji mmoja baada ya mwingine, nao wakamkatalia. Hakuwa daktari, lakini alijua kusoma, akasoma vitabu na taarifa za waganga wenyewe, akaandika na kusema hadharani. Mwaka 1979 serikali ya Marekani iliita baraza la wataalamu kuamua jambo hilo, naye akawa mjumbe. Baraza likakubali ya kuwa kipimo na upasuaji vitengwe. Kushner alifariki mwaka 1990, lakini mwanamke anayepimwa leo na kurudi nyumbani kungoja majibu afaidi kazi yake, hata kama hajalisikia jina hilo.

Baadaye wagonjwa wa kule wakadai jambo jingine. Mwaka 1991 vyama vyao vingi viliungana, na kwa madai yao Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 210 kwa utafiti wa saratani ya matiti kwa mwaka 1993. Fedha hizo, jambo la kuchekesha kidogo, ziliwekwa katika bajeti ya jeshi. Muhimu kwetu si fedha. Muhimu ni kwamba wanawake waliougua walikuja kupewa viti katika kamati zinazochagua utafiti upi ulipiwe. Mtaalamu huuliza kama hesabu imekaa sawa. Mgonjwa huuliza, “Jambo hili litanisaidia nini mimi?” Maswali yote mawili hukaa meza moja.

Kwa nini mgonjwa akae pale? Sikilizeni mfano huu kwa makini, maana ndio kiini cha somo.

Mwaka 1985 Daktari Bernard Fisher wa Pittsburgh na wenzake walitoa majibu ya utafiti uliowahusu wanawake zaidi ya 1,800. Waligundua ya kuwa kwa saratani iliyo bado ndogo, mwanamke aliyeondolewa uvimbe tu na kubakiziwa titi aliishi sawa na yule aliyeondolewa titi zima. Habari njema sana! Lakini ili saratani isirudi katika titi lililobakizwa, alihitaji kutibiwa kwa mionzi baada ya upasuaji, na mionzi hiyo hutolewa kwa mashine, siku tano kila wiki, kwa wiki kadhaa.

Sasa mchukue mama wa Ngonga. Mashine za mionzi ziko katika hospitali chache nchini, mathalan Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Kutoka Kyela mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Hata pale matibabu yenyewe yanaposamehewa malipo, nauli haisamehewi, wala chakula, wala mahali pa kulala, wala siku za palizi zinazopotea shambani. Basi jibu la Pittsburgh ni la kweli, lakini kwa mama huyu ni kama daraja lililoishia katikati ya mto Songwe. Huondolewa titi zima. Si kwamba ugonjwa wake umetaka hivyo. Mashine iko mbali.

Mama wa Ngonga angalikuwa katika kamati, nadhani angaliuliza mapema sana, “Je, wiki hizo haziwezi kupunguzwa?” Swali hilo liliulizwa, lakini Uingereza. Utafiti wao ulioitwa FAST-Forward ulihusu wagonjwa zaidi ya 4,000, na majibu ya mwaka 2020 yalionyesha ya kuwa kwa wengi wenye saratani ya mapema, mionzi ya siku tano katika wiki moja ilifaa sawa na ile ya siku kumi na tano katika wiki tatu. Si kila mgonjwa anafaa kutibiwa hivyo, na mganga ndiye atakayesema. Lakini pigeni hesabu, wanafunzi: wiki mbili za kulala na kula Dar es Salaam ni magunia mangapi ya mpunga, au kilo ngapi za kakao kavu? Mwalimu, mpe kila mmoja dakika tatu aandike hesabu yake.

(Hapa redio ilinyamaza kwa dakika tatu.)

Vema. Nadhani mmeona ya kuwa anayechagua swali ndiye anayechagua nani atasaidiwa. Watu wakizungumza juu ya haki katika utafiti, ndilo jambo wanalolisema.

Hapa Afrika pia kazi imefanywa. Kati ya mwaka 2014 na 2017, watafiti wakishirikiana na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo makao yake ni Lyon, Ufaransa, waliandikisha wanawake zaidi ya 2,000 wenye saratani ya matiti katika Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini. Waliwafuata kwa simu ya mkononi kila baada ya miezi mitatu, ili mgonjwa asipotee akirudi kijijini. Baada ya miaka mitatu, kwa jumla, karibu nusu yao walikuwa hai. Lakini tazameni tofauti: kati ya wanawake weupe wa Namibia, 9 katika 10 walikuwa hai, kati ya wanawake wa Uganda, hawakufika nusu. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na kuchelewa kugunduliwa na kutopata matibabu kamili.

Watafiti hao waliuliza tena swali ambalo wengi hawakuwa wameliuliza: watoto je? Walihesabu. Kwa kila wanawake 100 waliofariki kwa saratani ya matiti wakiwa hawajafika miaka 50, watoto 210 walibaki bila mama. Hili ni swali la mama. Kila mwanamke niliyepata kuzungumza naye juu ya ugonjwa huu hulitaja kabla ya kutaja maumivu yake.

Uganda wagonjwa wenyewe hawakungoja kuulizwa. Mwaka 2004 wanawake waliougua saratani waliunda chama chao, UWOCASO, wakisaidiana na kuzisemea haja za wagonjwa. Kwetu Tanzania sauti iliyosikika sana ni ya chama cha madaktari wanawake, MEWATA, kilichoanzishwa mwaka 1987, ambacho mwaka 2005 kilianza kampeni ya kuwapima wanawake matiti hadharani, na wanawake walifurika. Kazi njema. Lakini daktari akimsemea mgonjwa, na mgonjwa akijisemea, hizo ni sauti mbili, nami ningependa kuzisikia zote.

Liko pia jambo la dawa baada ya utafiti kwisha. Dawa iitwayo trastuzumabu husaidia wanawake wenye aina moja ya saratani ya matiti. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1998. Kwa miaka mingi bei yake ilikuwa juu mno. Mwanamke wa Afrika Kusini, Tobeka Daki, aliambiwa dawa hiyo ingemfaa, lakini hakuweza kuilipia. Alisimama hadharani akidai sheria za hataza zibadilishwe ili bei ishuke. Alifariki Novemba 2016 bila kuipata. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeiweka dawa hiyo katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka 2019 likathibitisha dawa ya kwanza ya kufanana nayo, kusudi iwe nafuu. Kwa hiyo mgonjwa anayeombwa kushiriki jaribio la dawa ana haki ya kuuliza: dawa ikifaa, je, itafika kwetu?

Sasa tuje kwenye maneno mawili yaliyobaki ubaoni. RIDHAA maana yake ni kukubali kwa hiari baada ya kuelewa. Mtu aliyekubali bila kuelewa hakutoa ridhaa, hata kama dole gumba lake liko kwenye hati. Katika Tanzania utafiti wa afya kwa watu hauruhusiwi kuanza mpaka mpango wake uchunguzwe na kamati ya maadili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ndiyo yenye kamati ya taifa. Hati ya ridhaa yapaswa kueleza utafiti ni wa nini, nini kitafanywa mwilini mwako, hatari yake ni ipi, na nani wa kumpigia simu ukiwa na malalamiko.

Angalieni: ziko hati mbili, na watu huzichanganya. Moja ni ya matibabu, kwamba wakubali kupasuliwa. Nyingine ni ya utafiti. Ukikataa ya utafiti, hupotezi ile ya matibabu. Waweza pia kukubali leo na kujitoa kesho.

Tusikilize mazungumzo ya mfano. Wanafunzi wawili wasimame, mmoja asome maneno ya Mama, mwingine ya Mtafiti.

Mtafiti: Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kiti.

Mtafiti: Tunaomba ushiriki utafiti wetu, mama. Ukikubali, tia kidole hapa.

Mama: Pole pole, baba. Hicho kipande cha nyama mtakachokata titini, kitakwenda wapi?

Mtafiti: Kitapimwa ili tujue dawa inayokufaa. Kipande kidogo tungependa kukihifadhi kwa utafiti wa baadaye.

Mama: Hayo ni mambo mawili. Na nikilikataa hilo la pili?

Mtafiti: Utatibiwa vile vile.

Mama: Imeandikwa wapi?

Mtafiti: Hapa, mama, ukurasa wa pili.

Mama: Nisomee. Kisha nitamwita mjukuu wangu naye anisomee, nione kama maneno ni yale yale.

Mtafiti: Haya, mama.

Mama: Na majibu yakipatikana, nani atarudi kijijini kuniambia?

Mtafiti: Hilo... hilo hatukuliandika.

Mama: Basi liandikeni.

Ahsanteni, kaeni. Mjukuu yule ndiye SHAHIDI, neno letu la tatu. Mtu asiyejua kusoma anaruhusiwa kutia dole gumba, lakini awepo shahidi anayejua kusoma, aliyesikia maelezo yote tangu mwanzo, naye atie sahihi yake. Shahidi asiwe mmoja wa watafiti. Nakala ya hati ibaki kwako. Usiiache mezani kwao. Iweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali pasipovuja.

Na kama mtafiti anazungumza Kiswahili kigumu, mwambie aeleze tena, au aje na mtu wa kueleza kwa Kinyakyusa. Si utovu wa adabu. Wazee wetu wengine hunyamaza mbele ya mtu mwenye koti jeupe kwa kumheshimu, naye hudhani wameelewa.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mmoja aandike swali moja ambalo angependa watafiti wa saratani ya matiti walitafutie jibu kwa ajili ya watu wa mwambao huu. Liwe swali la kweli: juu ya safari, juu ya dawa, juu ya mume aliyekataa mkewe asipasuliwe, lolote. Wasiojua kuandika bado wamtajie jirani, naye aandike neno kwa neno bila kurekebisha. Kisha darasa lichague maswali matatu, na katibu wa kikundi ayapeleke kwa mganga wa zahanati yenu, amwombe ayafikishe Hospitali ya Wilaya. Aandike pia tarehe aliyoyapeleka na jina la aliyeyapokea, maana katika somo lijalo, tutakapojifunza kuandika barua ya kukumbusha, tutahitaji tarehe hiyo.